Mchukuzi wa Makambako na neno lisilo na wingi

Saa tatu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya reli katika kituo cha treni cha Makambako. Abiria wamejifunika mablanketi na makoti mazito, wengine wanapuliza viganja vyao. Eufrasia Mlowe, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, anazungusha kanga yake na kuifanya ngata, anaiweka kichwani, kisha anainamia sanduku ambalo vijana wawili wamekuwa wakilitazama bila kuligusa.

Mwenye sanduku ni mganga wa mifugo kutoka Zambia anayerejea kwao. Kabla ya kupiga hata hatua, Eufrasia anamtazama usoni, anamwonyesha vidole vinne na kumwambia kwa Kiingereza cha taratibu, "Four pieces." Mgeni anaipitia mizigo yake kwa macho, kisha anaitikia kwa kichwa. Ndipo mama huyu anapoondoka na sanduku kichwani, mabegi mawili mikononi na jingine begani, mgongo umenyooka.

Wachukuzi wote wa kituo hiki siku hizi hufanya hivyo. Wasafiri wengi hudhani ni utaratibu wa siku zote. Si kweli. Ulianza miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya neno moja la Kiingereza, na neno hilo lilibakiza kidogo tu limfanye Eufrasia aitwe mwizi hadi kufa kwake.

Neno lenyewe ni "luggage", yaani mizigo ya msafiri.

Eufrasia alizaliwa Yakobi, pembezoni mwa mji wa Njombe, katika familia ya wakulima wa viazi na mahindi. Alimaliza darasa la saba na shule ikaishia hapo, kama ilivyokuwa kwa mabinti wengi wa rika lake. "Nilikipenda Kiingereza, chenyewe hakikunipenda," anasema huku akicheka.

Aliolewa na Yosefu, mchukuzi wa kituo cha Makambako. Siku moja Yosefu alikwenda kufanya kibarua cha kupakia mbao, akateleza kutoka juu ya lori na kuumia uti wa mgongo. Alipona kiasi cha kuweza kutembea kwa fimbo, lakini kubeba mzigo kukawa mwisho. Kizibao chake cha kazi, cha rangi ya machungwa, kilibaki kimetundikwa kwenye msumari ukutani.

"Nilikitazama kile kizibao kama wiki mbili hivi," Eufrasia anakumbuka. "Kisha nikakishusha, nikakifua, nikakivaa."

Hapakuwa na mwanamke mwingine katika umoja wa wachukuzi. Mwenyekiti wao, Abrahamu Msigwa, hakumkatalia wala kumkubalia. Alimwonyesha gunia la viazi lililokuwa getini na kumwambia alifikishe kwenye behewa la mwisho. Wachukuzi waliacha shughuli zao, wakasimama kumtazama. Eufrasia alilifikisha bila kulitua njiani.

"Watu husema nilimwonea huruma," anasema Abrahamu. "Huruma ipi? Yeye alibeba, nami nikampa nafasi."

Tangu hapo, siku za treni yuko kituoni, na siku nyingine anabeba magunia ya mahindi kwenye maghala ya karibu na njia panda. Ni kazi inayompatia unga, mboga na ada za watoto, ingawa jioni shingo humuuma hadi hulala kwa kujiegemeza.

Kilichomsumbua zaidi kuliko uzito wa magunia kilikuwa lugha. Treni ya kwenda Zambia huleta watu wasiojua Kiswahili, na anayeweza kuwasemesha ndiye wanayempa mizigo yao. Eufrasia akaanza kuokota maneno ya Kiingereza, moja leo na jingine kesho. "Luggage" lilikuwa la kwanza. Alilisikia kwa abiria, akalikariri, na kwa kuwa mizigo huwa mingi, akaliongezea sauti ya "s" mwishoni. Kwa muda mrefu aliwaita wageni kwa kunadi, "Luggages! Luggages!"

Aliyemrekebisha ni Lightness, dada wa mapokezi katika nyumba moja ya kulala wageni. Alimvuta kando na kumweleza kwa upole kwamba neno lile halina wingi. Mzigo mmoja ni "luggage", mizigo kumi ni "luggage" vilevile. Halipokei "s", wala halitanguliwi na "a", na kitenzi chake kinakaa katika umoja siku zote.

Eufrasia alishukuru akaondoka. Njiani swali likamjia. Kama neno halibadiliki, msikilizaji atajuaje mizigo ni mingapi?

"Sikurudi kumuuliza," anasema. "Niliona haya. Nikasema, ilimradi sasa nasema sahihi."

Ilikuwa asubuhi ya mwezi Juni, yenye baridi kama ya leo. Mama mmoja wa Kizambia, Rosemary Mulenga, alifika kituoni akiwa na binti yake wa miaka sita. Walikuwa wametoka Lupembe kumsalimia dada yake Rosemary, aliyeolewa na mkulima wa chai huko. Walikuwa na masanduku mawili makubwa na begi dogo la kahawia.

Wakiwa bado wamekaa kwenye benchi, Eufrasia alimwona mama yule akifungua begi la kahawia, akatoa chupa ya dawa, akampimia mtoto kwa kijiko. Mtoto alikuwa na kifafa. Rosemary alimweleza hivyo kwa maneno machache na kwa ishara, kisha akairudisha chupa ndani ya begi.

Treni ilipoingia, msukumano ukaanza. Rosemary alimbeba mtoto, ambaye usingizi ulikuwa umemshika, akatangulia kwenda kutafuta nafasi yao. Eufrasia akamfuata na masanduku mawili, la kichwani na la mkononi, akayapandisha juu ya kichanja na kushuka upesi kulifuata begi, ambalo alikuwa amemwachia mchukuzi mwenzake getini.

Alipokuwa akipita chini ya dirisha, Rosemary alichungulia na kumuuliza kama mizigo iko ndani. Eufrasia akajibu kama alivyofundishwa, bila "s", kitenzi katika umoja.

"The luggage is inside."

Alikuwa na maana ya masanduku aliyokwisha kuyapandisha. Rosemary alisikia kwamba kila kitu kimeingia. Alishukuru, akapandisha kioo kwa sababu ya baridi, akamlaza mwanawe.

Eufrasia alilichukua begi na kurudi mbio. Kati yake na behewa wakawapo watu walioshuka na magunia na mabeseni, kila mmoja akitaka kupita kwanza. Filimbi ikalia. Alipopenya na kufika ukingoni, magurudumu yalikuwa yameshaanza kuzunguka. Alikimbia sambamba na treni akigonga mabehewa kwa kiganja, akiita, hadi jukwaa likamwishia.

"Nilikuwa nimesema sahihi," anasema, na hapa anaacha kucheka. "Hakuna mwalimu ambaye angeniwekea kosa. Lakini mtoto wa watu alikuwa anaondoka, na dawa yake ninayo mimi."

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Abrahamu alimwambia alikabidhi begi ofisini, litasafirishwa kwa treni itakayofuata. Eufrasia akamweleza habari ya dawa, na kwamba treni itakayofuata ni ya siku nyingine kabisa. Abrahamu akamkumbusha sharti la umoja wao, ambalo kila mchukuzi huapa kulishika: mzigo wa abiria hautoki nje ya geti mikononi mwa mchukuzi bila mwenyewe kuwapo. Anayelivunja anahesabiwa mwizi.

"Dada, ukitoka na hilo begi, mimi sitakuwa na la kukusaidia," Abrahamu alimwambia.

"Kaka, nimekuelewa," Eufrasia akajibu. Akalibana begi kwapani na kutoka nje ya geti.

Alijua jambo moja ambalo watu wa njia panda wote wanalijua. Kutoka Makambako hadi Mbeya, gari likikazana huitangulia treni. Alifika barabara kuu akihema, akasimamisha malori hadi moja lililobeba mbao likasimama. Dereva, Ronald, alikuwa akienda Tunduma. Alisikiliza habari yote kwa ufupi, akamfungulia mlango.

Huko nyuma mambo yakazidi kuharibika. Rosemary alipotafuta begi na kulikosa, aliwaeleza wahudumu wa treni kwamba mchukuzi mwanamke amemdanganya na kumwibia. Simu ikapigwa kituoni. Abrahamu aliulizwa mchukuzi huyo yuko wapi, naye hakuweza kusema uongo. Alijibu kwamba ametoka na begi. Kabla ya saa sita mchana habari zilikuwa zimefika sokoni, na kutoka sokoni hadi kwa Yosefu nyumbani.

"Walikuja watu wawili kunipa pole," anasema Yosefu. "Pole ya kuoa mwizi. Niliwaambia wasubiri mwenyewe arudi, kisha wampe yeye hiyo pole."

Karibu na Mbeya malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu kwenye mizani. Ronald alizima injini na kumwambia kwamba hapo wanaweza kukaa sana. Akamwitia bodaboda, akamlipia, akamtakia heri. Eufrasia hakuwahi kupanda pikipiki kwa mwendo ule. Anasema alifumba macho na kuanza Salamu Maria, na kila alipofika katikati tuta lilimrusha akasahau alipokuwa, akaanza upya.

Treni aliikuta imesimama katika kituo cha Mbeya. Rosemary alikuwa chini, mtoto mgongoni, akimsihi mlinzi amwonyeshe lilipo duka la dawa. Alipoliona begi la kahawia hakumsalimu aliyelibeba. Alilinyakua, akalifungua, akaitoa chupa na kuitazama kwenye mwanga. Kisha akaketi chini palepale na kumpakata mwanawe.

Hasira ilifuata baadaye. Alimuuliza Eufrasia kwa nini alimwambia mizigo imeingia ilhali haijaingia. Mlinzi alikuwa amekwisha kumshika Eufrasia mkono. Maneno yote ya Kiingereza aliyoyaokota kwa miaka yalimkimbia. Yakabaki machache, akayatoa jinsi yalivyo, nasi tunayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Mizigo ilikuwa imeingia. Huu ndio ulikuwa haujaingia."

Rosemary alimtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, kanga imejaa vumbi la barabarani, ngata bado iko kichwani kwa sababu hakukumbuka kuivua. Akamwambia mlinzi amwachie. Kisha akaanza kurudia maneno waliyoambiana dirishani, polepole, mara ya kwanza kwa masikio yake na mara ya pili kwa masikio ya Eufrasia, hadi akaliona tundu walilotumbukia wote wawili.

"Mimi niliuliza vibaya, wewe ukajibu vizuri," alisema hatimaye. "Ningekuuliza ni vingapi. Nawe ungeniambia, vipande viwili viko ndani, kipande kimoja kinakuja."

Ndivyo Eufrasia alivyolipata neno "piece". Mwanzoni lilimstaajabisha. Kwake yeye kipande ni kitu kilichokatwa, kama kipande cha muwa au cha sabuni. Begi zima, lenye zipu na mishikio yake, likawaje kipande? Rosemary alimweleza kwamba kwa Kiingereza ndivyo mizigo inavyohesabiwa, na hakuna chochote kilichokatwa. Wakacheka kidogo. Walipeana namba za simu, na treni ikaondoka.

Makambako hapakuwa na kicheko. Eufrasia aliporudi, Abrahamu alimpokea getini na kunyoosha mkono. Eufrasia alivua kizibao, akamkabidhi. Kwa sharti walilojiwekea, alikuwa amesimamishwa kazi.

Siku zilizofuata alikwenda kupalilia viazi vya watu. Sokoni baadhi ya wanawake walikuwa wakivuta mikoba yao karibu alipopita. Anasema hilo lilimuuma kuliko kunyang'anywa kizibao, kwa kuwa wengine alikuwa amewabebea mizigo yao kwa miaka bila kupotea hata kitunguu.

Kisha simu ya Abrahamu ikalia. Alikuwa Rosemary, akizungumza kutoka kwao Zambia; namba aliipata kwa wahudumu wa treni. Abrahamu hakuelewa Kiingereza chake, na hakutaka kubahatisha katika jambo linalogusa heshima ya mtu. Alimwomba mama asubiri kidogo, akavuka barabara na simu yake hadi kwa mzee Hezekia Kilasi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mwalimu Hezekia alisikiliza hadi mwisho. Aliporudisha simu, alisema anaomba kuzungumza na wachukuzi wote.

Wakakusanyika. Mwalimu aliwaeleza yaliyotokea, kisha akawauliza: mtu akikwambia unga uko ndani, utajua ni kiasi gani? Wakajibu hapana. Utamuuliza nini? Utamuuliza madebe mangapi, au magunia mangapi. Kwa sababu hakuna asemaye "unga tatu". Akawaambia neno "luggage" kwa Waingereza liko kama unga kwetu. Halihesabiki lenyewe. Linahitaji debe lake, na debe lake ni "piece".

Abrahamu ndiye aliyezungumza kwanza.

"Basi hata mimi ningejibu kama alivyojibu Eufrasia," alisema. "Tofauti ni kwamba mimi nisingeenda Mbeya."

Walimrudishia kizibao siku hiyohiyo. Onyo la kuvunja sharti walimpa pia, naye anasema lilikuwa haki. Lakini sharti lenyewe wakalirekebisha, wakaongeza kwamba penye dawa au mgonjwa, mwenyekiti na mchukuzi watakwenda pamoja. Wakakubaliana pia kwamba hakuna atakayenyanyua mzigo wa mgeni kabla ya kuonyesha vidole na kutaja idadi.

Eufrasia hakuishia hapo. Alimfuata Mwalimu Hezekia na kumwomba amfundishe Kiingereza chote, si neno moja. Mwalimu alimwambia peke yake hatafundishika vizuri, lugha inataka wa kujibizana naye. Kwa hiyo akaleta wenzake. Sasa kila Jumapili alasiri, Eufrasia akishatoka misa na kupika, chumba cha watoto katika usharika wa Kilutheri wa Mwalimu Hezekia hujaa wachukuzi, wahudumu wa nyumba za wageni na mafundi seremala, wamebanana kwenye madawati mafupi, magoti yamefika kifuani.

Jumapili tuliyowatembelea, fundi mmoja, Severini, alitaka kujua kuhusu samani anazotengeneza. Ameandika "Furnitures" juu ya mlango wake, kwa rangi ya bei kubwa. Mwalimu alimtazama Eufrasia amjibu. Eufrasia alisimama, akafikiri, akasema hilo nalo ni la kundi la unga. Aliulizwa ana hakika. Akajibu kwamba hana hakika sana, akamgeukia mwalimu, naye mwalimu akathibitisha. Severini alisema herufi moja ataifuta kwa tina ya kuyeyushia rangi, haitamshinda.

"Namsifu kwa jambo moja," Mwalimu Hezekia alituambia baadaye. "Asipojua, anasema hajui, na huuliza papo hapo. Zamani alikuwa anaona haya. Sasa hata akiwa amebeba gunia atasimama akuulize."

Rosemary hupiga simu kila Krismasi. Binti yake anasoma, anaendelea na dawa, na anaambiwa kwamba Makambako kuna shangazi yake anayekimbia kuliko treni.

Kwa Eufrasia, yote haya yamezaa jambo ambalo miaka mitatu iliyopita asingelithubutu kulitamka. Mwakani anakusudia kufanya mtihani wa maarifa, ule wa wasiopita sekondari, na akifaulu, aendelee hadi mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu zinamtisha. Kiingereza hakimtishi tena.

Mwezi uliopita alipanda basi kwenda Yakobi kumweleza mama yake, bibi Getruda, ambaye sasa umri umemwinamisha. Alimkuta jikoni akimenya viazi. Baada ya kumwamkia na kujuliana hali, alimwambia mpango wake, akajiandaa kusikia kwamba shule si ya mtu mwenye watoto wakubwa.

Mama yake aliendelea kumenya. Kisha akauliza mtihani huwa mwezi gani, na kama vyumba vyake vina vioo madirishani. Eufrasia akasema hajui. Bibi Getruda aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akamwambia mwanawe ageuke, akampima mabega kwa shubiri zake kama alivyokuwa akimpima alipokuwa mdogo.

"Akaniuliza sweta la shule yetu ni rangi gani," anasema Eufrasia. "Nikamwambia, mama, watu wazima hatuna sare. Akasema hata hivyo, atanifumia la bluu."